Boila Inawaka, Inazima, Inawaka Tena: Kwa Nini Maji ya Shawa Hayatulii

"Nina boila ya gesi ya ukutani, ile inayopasha maji papo hapo bila tangi. Ina miaka 4. Kibandiko chake kimeandikwa kilowati 9 hadi 28. Tangu hali ya hewa ipate joto, nikiingia kuoga maji yanakuwa mazuri kwa kama dakika moja, halafu yanapoa ghafla mpaka naruka pembeni, kisha yanarudi ya moto kuliko mwanzo. Jikoni nikifungua bomba la moto lote hakuna tatizo. Katikati ya msimu wa baridi nilibadilisha kichwa cha shawa, nikaweka kinachobana maji ili nipunguze matumizi, na baridi yote kilifanya kazi vizuri, kwa hiyo sidhani kama ndicho. Nimepandisha joto kwenye boila hadi nyuzi 60, naona hali imezidi. Fundi wa kwanza alibadilisha kihisi joto, sikuona tofauti. Wa pili anasema boila ni ndogo, ninunue ya kilowati 35. Ni kweli?"

Si kweli, na ningekuomba usinunue hiyo ya kilowati 35 kabla hujamaliza kusoma. Kuna uwezekano mkubwa ikakuzidishia tatizo hilo hilo.

Umeandika swali zuri kuliko unavyojua. Ndani yake kuna dalili sita ambazo mafundi wawili waliokuja hawakuziunganisha: jikoni maji yametulia, bafuni hayatulii, baridi ilikuwa sawa, joto limeleta shida, kichwa cha shawa kinabana maji, na ulipopandisha nyuzi mambo yakaharibika zaidi. Boila iliyoelemewa haifanyi hivyo. Ingeelemewa ungeliona msimu wa baridi, maji ya kuingilia yanapokuwa ya baridi sana na kazi ni kubwa, na ungeliona jikoni ambako unafungua bomba lote. Yako inashindwa pale ambapo kazi ni ndogo. Imeombwa moto mdogo kuliko mdogo wake wa mwisho.

Nieleze inavyofanya kazi. Ukifungua bomba la moto, maji yanapita kwenye kigurudumu kidogo ndani ya boila, kinazunguka na kuhesabu. Mtiririko ukifika kiwango fulani, ambacho kwa boila nyingi ni kama lita 2 hadi 2 na nusu kwa dakika, boila inaamini kwamba kweli kuna mtu anataka maji. Feni inaanza, cheche inapiga, gesi inafunguka, mwali unawaka. Kihisi joto kwenye njia ya kutokea kinapima maji, na ubongo wa boila unaongeza au kupunguza gesi ili yabaki kwenye nyuzi ulizoweka.

Hapo kwenye "kupunguza" ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani moto unaweza kushushwa polepole mpaka karibu na sifuri, kama utambi wa taa. Hauwezi. Chini ya kiwango fulani mwali hautulii kwenye kichomeo, na gesi haiungui inavyotakiwa, kwa hiyo kiwanda kimeweka mpaka. Boila ikifika kwenye mpaka huo na maji bado yanazidi nyuzi ulizotaka, imebaki na njia moja tu: kuzima kabisa. Kwako mpaka huo ni kilowati 9. Kila mtu anaangalia ile 28 kwa sababu ndiyo inayouza boila, lakini shida yako yote imekaa kwenye ile 9.

Twende kwenye hesabu, ni nyepesi. Zidisha lita za maji kwa dakika, mara nyuzi ambazo maji yanapandishwa, mara 0.07. Unapata kilowati zinazohitajika. Tuchukulie kichwa chako kipya kinatoa lita 6 kwa dakika, na unaoga kwa nyuzi 38. Msimu wa baridi, tuseme maji ya kuingilia yana nyuzi 10. Yanatakiwa kupanda nyuzi 28: 6 mara 28 mara 0.07, karibu kilowati 12. Boila inaanzia 9, kwa hiyo 12 iko ndani ya uwezo wake na inawaka bila kukatika. Ndiyo maana kichwa hicho hukukishuku.

Sasa joto limekuja, maji ya kuingilia yana nyuzi 24. Yanatakiwa kupanda nyuzi 14 tu. 6 mara 14 mara 0.07 ni kilowati 6, na boila yako haijui kutoa 6. Inatoa 9, maji yanapita nyuzi zilizowekwa, inazima. Maji yanaendelea kupita bila moto, yanapoa, inawaka tena.

Ukitaka kulishuhudia hili kwa macho, mwambie mtu aoge wakati wewe umesimama mbele ya boila. Tazama alama ya mwali kwenye kioo chake. Utasikia feni inapanda sauti, mlio mdogo wa cheche, kisha "puh", alama ya mwali inatokea na namba za joto zinapanda haraka: 48, 55, 61, 66. Kisha tak, mwali unapotea. Feni inaendelea kuzunguka kidogo ikisafisha hewa. Namba zinaanguka. Sekunde kadhaa baadaye, kutegemea urefu wa bomba, utasikia kelele kutoka bafuni. Hiyo nafasi kati ya kuzimika na kelele ni maji ya moto yaliyokuwa bado njiani. Kipande cha baridi kilikuwa kinakuja nyuma yake.

Na mkono wako nao umo kwenye mchezo, usikasirike nikisema hivyo. Maji yakipoa unageuza koki upande wa moto. Kufumba na kufumbua boila imeshawaka tena, kwa nguvu kubwa ya kuanzia, na joto lililobaki ndani ya kibadilisha joto, kile kifaa kinachopitisha joto la mwali kwenye maji, linajumlishwa humo. Yanakuja ya kuunguza. Unarudisha koki upande wa baridi, maji yanayopita kwenye boila yanapungua, nayo inazima mapema zaidi. Mnafukuzana hivyo mpaka unatoka bafuni na sabuni masikioni.

Kupandisha hadi 60 kunaeleweka, kila mtu hufanya hivyo. Lakini angalia kinachotokea. Maji ya nyuzi 60 hayaogeki, kwa hiyo unachanganya baridi nyingi. Katika zile lita 6 za shawa, maji yanayopita ndani ya boila sasa ni lita 2.3 tu, zilizobaki ni baridi tupu. Kumbuka kile kigurudumu kinachotaka lita 2 hadi 2 na nusu. Uko ukingoni kabisa. Mtu akifungua bomba la sinki au akivuta maji ya choo, presha ya maji inatikisika kidogo, kigurudumu kinashuka chini ya kiwango, na boila inaamini umefunga bomba. Kwa hiyo sasa una sababu mbili za kuzima badala ya moja. Ukishusha hadi 42, kwa shawa ile ile, zinazopita kwenye boila zinakuwa lita 4.7. Ukingo umeuacha mbali.

Kuhusu kilowati 35: boila kubwa mara nyingi huja na moto mdogo ulio mkubwa pia. Si lazima, zipo za kisasa ambazo zinaweza kushuka hadi sehemu moja ya kumi ya nguvu yao ya juu, lakini zipo nyingi zinazoishia sehemu ya tatu au ya nne. Ya 35 inayoishia sehemu ya tatu inaanzia karibu 12. Ungekuwa umelipa ili uhame kutoka 9 kwenda 12, wakati unachohitaji ni 6.

Na kihisi joto, masikini, kilibadilishwa bila kosa. Kilikuwa kinasema ukweli: maji yamezidi. Sisemi vihisi haviharibiki. Kikiharibika, namba kwenye kioo zinaruka bila mpangilio au zinatofautiana sana na kipimajoto ulichoweka chini ya bomba, na mara nyingi boila yenyewe hutoa namba ya hitilafu. Wewe hujataja namba yoyote.

Usiniamini kwa maneno, kuna jaribio la dakika tano lisilohitaji spana. Fungua shawa kama unavyooga siku zote na usubiri ianze vituko vyake. Kisha mtu mwingine afungue bomba la moto la sinki, si lote, robo au nusu, na aliache linamwagika. Usiguse koki ya shawa. Maji yakitulia, jibu umelipata: boila imepewa kazi ya kutosha kubaki imewaka. Presha ikishuka kidogo kwenye shawa usijali, tunaangalia joto tu. Wakati uko hapo, pima pia lita za shawa: weka ndoo chini yake kwa sekunde 30, pima yaliyoingia, zidisha mara mbili. Na pima joto la maji ya baridi yakishamwagika dakika moja au mbili. Ukiwa na namba hizo mbili unaweza kurudia hesabu yangu kwa nyumba yako badala ya kutumia za kwangu za kukisia.

Likithibitika, ningeanza na lisilo na gharama. Shusha joto la maji ya matumizi kwenye boila hadi 42 au 45. Kama shawa yako ina koki ile inayojirekebisha joto yenyewe, yenye namba 38 na kitufe cha usalama, usishuke hivyo. Koki hizo zinataka maji ya moto yanayozidi yale ya kuogea kwa nyuzi kadhaa, mara nyingi 10 au zaidi, ndipo zifanye kazi sawasawa. Hapo jaribu 50. Na nisisitize: ushauri huu wa kushusha ni kwa boila isiyo na tangi kama yako. Aliye na tangi la kuhifadhi maji ya moto asishushe tangi chini ya nyuzi 60, kwa sababu maji ya vuguvugu yaliyotuama ni makazi mazuri ya bakteria wa Legionella, wanaoweza kuleta ugonjwa mkali wa mapafu.

Kushusha nyuzi peke yake kutakuondolea lile tatizo la kigurudumu, lakini hakutaondoa pengo kati ya 6 na 9. Hilo linataka maji zaidi. Rudisha kichwa cha zamani, au tafuta cha kati kinachotoa kama lita 10: 10 mara 14 mara 0.07 ni karibu kilowati 9.8, na umeingia ndani ya mpaka. Vichwa vingi vya kubana vina kijiduara cha plastiki chenye tundu dogo kwenye shingo; ukikitoa, mtiririko unaongezeka. Najua ulikinunua ili kuokoa maji na sasa nakwambia uyamwage. Lakini maji uliyokuwa unamwaga sakafuni ukisubiri yapate joto, tena na tena kila uogapo, nayo yalikuwa maji. Nyumbani kwangu tuna vichwa viwili, cha kubana kinafungwa msimu wa baridi na kipana msimu wa joto. Kubadilisha ni kazi ya dakika mbili, mkono mtupu.

Pia muombe fundi wa gesi apime presha ya gesi boila ikiwa kwenye moto wake wa chini kabisa, na ailinganishe na kitabu. Kwenye boila kadhaa vali ya gesi hupoteza mpangilio wake kadiri miaka inavyokwenda, na ile 9 ya kwenye kibandiko ikawa 11 kwa vitendo. Kuirudisha ni kazi ya kifaa cha kupimia na bisibisi, lakini si ya mkono wako wala wangu kupitia maandishi.

Wapo watakaokushauri tangi dogo la umeme la lita 10 au 15 baada ya boila, ili vipande vya moto na vya baridi vichanganyike humo kabla ya kukufikia. Linafanya kazi, nimelifunga mara kadhaa. Ila linakula umeme wa kulitunza joto, linataka vali yake ya usalama, na kwa sababu linahifadhi maji, ile habari ya nyuzi 60 inarudi, pamoja na koki ya kuchanganya ili mtu asiungue. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kuunguza ngozi vibaya ndani ya sekunde chache, na ngozi ya mtoto haraka zaidi. Kwako naliweka mwisho wa orodha.

Itakuwaje jaribio la sinki likishindwa, maji yaendelee kupanda na kushuka hata bomba la pili likiwa wazi? Hapo nimekosea utambuzi, na tunatafuta kwingine.

Kwanza ningeshuku koki ya shawa yenyewe. Ndani yake kuna katriji, kile kipande kinachogawa maji ya moto na ya baridi, na ikichakaa maji ya baridi hupenya kuingia kwenye bomba la moto hata ukiwa umefunga, kwa sababu moto na baridi vinakutana humo. Kuligundua ni rahisi: funga koki ya maji ya baridi yanayoingia kwenye boila, ile ndogo chini yake, kisha fungua bomba la moto la sinki. Maji yanatakiwa kukatika baada ya sekunde chache. Yakiendelea kutiririka bila kukoma, yanatoka wapi? Yanapita mlango wa nyuma kwenye koki fulani ya kuchanganya. Nilishawahi kumbadilishia mtu kibadilisha joto kizima, kazi ya siku nzima, kabla sijafanya jaribio hili la dakika moja. Nilimrudishia fedha yake ya ufundi, na tangu siku hiyo ndilo jaribio langu la kwanza nikifika nyumba yoyote.

Cha pili ni chokaa. Maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, huacha ukoko ndani ya kibadilisha joto kama unavyouona ndani ya birika. Ukoko unazuia joto kupita, upande wa ndani unazidi moto, boila inazima kujilinda. Dalili zake ni kinyume kidogo na zako: bomba likifunguliwa lote maji ni vuguvugu au yanakatika joto, likifunguliwa kidogo yana nafuu, na boila hunguruma kama maji yanayokaribia kuchemka. Hiyo husafishwa kwa dawa ya tindikali hafifu na pampu, au kifaa hicho hubadilishwa. Kama boila inahudumia pia radieta, na radieta zinapata moto unapooga ingawa umezima joto la nyumba, vali inayogawa njia imekwama katikati. Na chujio la maji ya kuingilia linaweza kuwa limeziba mchanga. Hilo hudhihirika kwa mtiririko wa moto kuwa hafifu kuliko wa baridi nyumba nzima.

Kama boila inahudumia radieta, angalia na geji ya presha upande wa mbele. Boila ikiwa imepoa, nyingi zinataka kuwa kati ya bar 1 na 1.5. Ikiwa inashuka kila wiki na unaijaza kila wiki, kuna mahali panavuja, mwite fundi.

Yapo mambo ambayo hayasubiri majaribio yangu. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima chochote cha umeme, funga gesi kwenye mita au mtungi, fungua madirisha, tokeni nje na mpige simu mkiwa nje. Ukiona masizi kwenye kifuniko cha boila au ukutani karibu na bomba la moshi, au mwali uliokuwa wa bluu umekuwa wa manjano, au watu wa nyumbani wanaumwa kichwa na kichefuchefu kinachoisha wakitoka nje, izime na usiiwashe mpaka fundi mwenye leseni ya gesi aikague. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi. Kengele ya kuigundua ni lazima iwepo nyumbani kwenye boila ya gesi. Na kifuniko cha mbele usikifungue mwenyewe hata kama skrubu ni mbili tu. Kwenye boila nyingi kifuniko hicho ndicho kinachoziba hewa ya moshi isiingie chumbani.

Fanya jaribio la sinki leo jioni, shusha nyuzi, rudisha kichwa cha zamani kwa wiki moja. Ikitulia, huna sababu ya kumwita mtu zaidi ya ukaguzi wa kawaida wa mwaka, na hapo ndipo umuombe apime ule moto wa chini. Fundi wa pili akirudi na karatasi za boila mpya, muulize nguvu yake ya chini kabisa kwa maji ya matumizi ni kilowati ngapi. Akikujibu 35, muulize tena.